Robota 60 zilizohesabiwa mara saba: barua ya wazi kuhusu bili ya wasiwasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Waheshimiwa wabunge wa kamati inayosimamia afya,
na wakuu wa mifuko ya bima ya afya.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mtunza hesabu wa maduka madogo hapa Tanga. Watu wananiletea risiti zao zimekunjwakunjwa kwenye mifuko, nazinyoosha, nawapangia. Nyumbani nina kaunta buku moja ya kwaya mbili ambayo hakuna anayenilipa kuijaza. Nilianza kuiandika Machi 2018, siku mama aliponiuliza pesa ya nyumba inakwenda wapi nami, mtu wa hesabu, nikakosa jibu. Humo naandika kila shilingi inayoliwa na maradhi ya mdogo wangu. Ukurasa wa kwanza una mistari minne tu: sabuni ya mche, maji, nauli, ubani.

Maradhi yenyewe hospitalini wanayaita OCD. Marehemu bibi yetu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliyaita wasiwasi, na mpaka leo sijasikia jina la Kiswahili linaloyakaa vizuri zaidi. Hakumaanisha huu wasiwasi wa kuwaza ada ya Januari. Alimaanisha ule wa birikani, unaojulikana na kila aliyekulia pwani: mtu anatawadha, akifika miguuni anahisi uso haukupata maji, anaanza upya, imamu anatoa salamu yeye bado anasugua viwiko. Wazo asilolitaka linamng'ang'ania. Anajua fika kwamba halina maana, na bado linamtesa mpaka afanye kitu: aoshe, ahesabu, akague kufuli, arudie maneno. Akishafanya anapata ahueni ya dakika mbili. Kisha wazo linarudi, na safari hii linadai zaidi.

Tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alishaueleza wasiwasi wa namna hii kuwa ni maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba. Namtaja kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu waliokosa shida.

Naandika kuhusu pesa. Kuhusu mateso ya mdogo wangu angeandika yeye mwenyewe, na ameniruhusu niandike haya mengine.

Alikuwa karani wa ghala la mkonge. Kazi aliipata akiwa na miaka 22, na kwa namba alikuwa mkali kuliko mimi. Mwaka wa pili ule wasiwasi wa birikani, uliomwanza akiwa na miaka 16, ukahamia ghalani. Lori linapakia robota 60. Anahesabu, anasaini hati, dereva anawasha. Kabla geti halijafunguliwa anapiga kelele: subiri! Anapanda juu kuhesabu tena. Sitini. Anashuka, anafika mlangoni mwa ofisi, anajiuliza kama ile ya pembeni kabisa aliihesabu au aliitazama tu. Anarudi.

Siku moja nilikuwepo, nimempelekea chakula cha mchana. Alihesabu mara saba. Dereva alizima injini, akashuka, akatafuta muhogo wa kukaanga, akala wote, akakunja karatasi yenye pilipili akaitupa, na mdogo wangu bado yuko juu ya robota, kidole kimenyooshwa, midomo inacheza. Makuli wanane walikaa kivulini kwa sababu lori la pili lisingeweza kuingia mpaka la kwanza litoke. Kila robota aliyoigusa aliigonga kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji. Nilipomwita akanijibu bila kugeuka, "Dada, usinisemeshe, nitapoteza." Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye karatasi ya hati, na wino ukaanza kutanuka.

Jioni nilipiga hesabu ya ile saa moja na nusu, kwa mazoea tu. Makuli wanane wanaolipwa kwa lori, dereva, utingo, malori mawili, karani mmoja. Kwenye vitabu vya mwenye ghala yote hayo yataitwa ucheleweshaji. Hakuna pahala patakapoandikwa ugonjwa. Na kuli aliyepunjwa posho ya siku, nyumbani kwake watasema mambo ya kibarua ni hivyohivyo. Waheshimiwa, mkiuliza kwa nini gharama hii hamjaiona kwenye meza zenu, imekaa hapo: imesambazwa kidogokidogo kwenye mifuko ya watu wasiojuana, kwa majina mengine.

Aliachishwa kazi mwanzoni mwa 2017. Simlaumu mwajiri, angefanyaje na karani anayezuia malori? Ila sheria ninaijua, maana ndiyo ninayoitumia kuwapangia wateja wangu mishahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu mshahara. Ni sheria nzuri. Sharti lake ni cheti cha daktari. Mtu ambaye ugonjwa wake haujapewa jina anakipata wapi cheti? Siku 126 zingemtosha kabisa kutibiwa, kama nitakavyoeleza. Badala yake alirudi nyumbani na barua ya kurasa moja na nusu iliyosema hamudu kazi, na tangu hapo bili ikawa yetu peke yetu.

Nyumbani ugonjwa ulibadilika sura. Ukaacha kuhesabu ukaanza kuosha. Mche wa sabuni ambao familia ya watu watano hutumia wiki mbili ulikuwa hauvuki siku tatu. Maji ya bomba yakazidi uwezo wetu. Tulipokatiwa tukanunua kwa dumu, na madumu yanayonunuliwa na mtu mwenye ugonjwa huu hayana idadi. Mikono yake ilipasuka mpaka ikawa inatoka damu kwenye vifundo. Kisha zikaja pesa. Mdogo wangu alishawishika kwamba noti ndicho kitu kichafu kuliko vyote duniani (na hapo, kusema kweli, sikuwa na hoja kubwa ya kumpinga). Asubuhi moja nilitoka uani nikakuta noti za elfu kumi, elfu tano na elfu mbili zimefuliwa kwa sabuni na kuanikwa kwenye kamba, kila moja na kibanio chake, zinapepea kama soksi za mtoto. Jirani aliyekuja kuomba moto alisimama akaziangalia, akaniangalia mimi, akaondoka bila moto.

Mama alikuwa anauza vitumbua barazani. Ndivyo vilivyotusomesha sote wanne. Mdogo wangu akamwomba asiingie ndani na sarafu za wateja. Akakubali, akaziacha kwenye kopo nje. Akamwomba abadilishe kanga kabla ya kuvuka kizingiti. Akakubali. Akamwomba anawe mpaka kiwiko mara tatu, naye amesimama anamhesabia. Mama alikubali kila kitu kwa sababu akikataa, mwanawe anatetemeka na kulia, mwanamume mzima. Wataalamu walikuja kutueleza baadaye kwamba familia ikiutii ugonjwa huu inaunenepesha. Hatukujua. Tulidhani tunamsaidia. Ramadhani ya 2018 mama alichoka, akalizima jiko, akampa shoga yake kikaango. Kwenye daftari langu huo ndio mstari mkubwa kuliko yote, na hauna risiti hata moja: pesa ambazo hazikuingia tena.

Nimelisoma daftari hilo mara nyingi. Dawa na madaktari wa akili wamejaza kurasa tatu. Zilizobaki, na ni zaidi ya mia, ni mambo mengine: mshahara uliopotea, biashara iliyokufa, nauli, sabuni, maji, ubani, kombe, mbuzi mmoja, na mafuta ya kupaka mikono.

Nilipoanza kusoma nikakuta wenzetu waliopiga hesabu hii kitaifa wamepata sura ileile. Marekani ilikadiriwa kwamba mwaka 1990 OCD iliigharimu nchi dola bilioni 8.4. Matibabu yalichukua dola bilioni 2.1, yaani robo. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa kazi ambayo haikufanyika. Uingereza walitoa hesabu yao mwaka 2023: huduma yao ya taifa ya afya inatumia pauni milioni 378 kwa mwaka kwa ajili ya ugonjwa huu, ilhali hasara kwa jamii inazidi pauni bilioni 5. Hao ni watu wenye kliniki, wenye bima, wenye dawa. Na bado kwao pia tiba ndiyo sehemu ndogo ya bili, na kukaa bila tiba ndiko kunakokausha mfuko.

Sababu yake si ngumu. Ugonjwa huu hauwasubiri wazee. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, mtu akiwa shule au ndiyo kwanza ameshika kazi, na usipotibiwa hukaa miongo. Kijana wa miaka 20 anayeanguka na malaria anarudi kazini wiki ijayo. Mwenye wasiwasi huu yupo mzima wa afya, ana mikono na miguu, ana akili kuliko wewe na mimi, na saa nne, tano, sita za kila siku ya maisha yake zinakwenda kwenye bomba la maji.

Kwa watu wazima wa Marekani, utafiti ulikuta asilimia 1.2 wanakuwa na ugonjwa huu ndani ya mwaka mmoja. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, karibu nusu yao watu wazima. Chukueni asilimia 1 tu ya watu wazima hao mtapata kama laki tatu. Mkiona nimezidisha, gawanyeni kwa mbili. Bado ni mji mzima wa watu wanaoosha, wanaohesabu na wanaokagua, na nyuma ya kila mmoja kuna mama aliyezima jiko.

Sasa niseme miaka 11 ilivyokwenda, tangu wasiwasi uanze akiwa na 16 mpaka ulipopata jina akiwa na 27. Nitakwenda haraka kwa sababu nyingi yake ni ya kawaida mno. Waganga watatu. Kombe la zafarani, ambalo sina ugomvi nalo, lilimpa utulivu wa siku mbili. Mmoja alisema ametupiwa jini na jirani, tukagombana na jirani huyo miaka miwili kwa ujinga wetu. Mtu wa kwanza kumwambia neno la maana alikuwa sheikh wa msikiti wa mtaani, mzee wa zamani. Alimwambia kwamba kanuni ya fiqhi ni moja, yakini haiondolewi na shaka. Ukishatawadha umetawadha, na ukihisi hukutawadha, simama uswali hivyohivyo na hiyo hisia yako. Miaka mingi baadaye mwanasaikolojia alimpa maelekezo yanayofanana na hayo kama mapacha. Mzee hakutoza kitu.

Hospitali tulikwenda, msidhani hatukwenda. Alipelekwa sehemu mbalimbali mara tatu kwa sababu ya mikono, na mara tatu akarudi na dawa ya fangasi. Hakuwa na fangasi. Ngozi ilikuwa imechubuliwa na sabuni. Kote huko hakuna aliyemuuliza swali hili moja: unaosha mikono mara ngapi kwa siku? Angejibu. Alikuwa anatamani kuulizwa. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti ya dharura, linahitaji liandikwe kwenye mwongozo wa tabibu wa zahanati, pale panapohusu ngozi ya mikono.

Kikwazo kingine kiko vichwani mwetu. Kwa Mtanzania wa kawaida, ugonjwa wa akili maana yake Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma tangu 1927, na jina hilo tumeligeuza tusi la mtaani. Sisi wa Tanga tuna Lutindi, kule milimani Korogwe, inayolaza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Mtu akisikia akili anamfikiria anayeongea peke yake barabarani. Mdogo wangu alikuwa anavaa shati la kunyooshwa na kujadili bei ya mkonge. Hakuwa mwehu wa kupelekwa Dodoma, hakuwa mzima wa kubaki kazini, na baina ya hayo mawili mfumo wetu hauna mlango. Vijana mtandaoni nao wamelichukua neno, mtu akipanga viatu vyake kwa rangi anaandika "nina OCD jamani". Nawasamehe. Hawajaona damu kwenye vifundo.

Alipopata jina la ugonjwa, mwaka 2019, nilitegemea gharama zitaanza kushuka mwezi huohuo. Zilipanda kwanza, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko kote, maana ni jambo la karatasi tu na mnaweza kulibadilisha.

Aliandikiwa fluoxetine. Ni dawa ya zamani, haki zake za kipekee zimekwisha siku nyingi, viwanda vingi vinaitengeneza na si ya bei ya kutisha. Lakini kwa ugonjwa huu hutolewa kwa kiwango kikubwa kuliko cha sonona, ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa dawa hiyohiyo. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hutosheka na kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Mwenye OCD mara nyingi huhitaji miligramu 40 mpaka 60, wengine hata 80, na hawezi kusema dawa imeshindwa mpaka apite wiki 8 mpaka 12 kwenye kiwango hicho. Kwenye dirisha la dawa tulipewa vidonge 30 kwa mwezi. Daktari aliandika vitatu kwa siku. Mtoa dawa, binti mpole, alinionyesha skrini: mwezi mmoja, vidonge 30. Vya siku ya 11 mpaka ya 30 nikanunua mtaani. Mwezi wa tatu sikuwa na pesa, akarudi kwenye kimoja kwa siku, na wasiwasi ukarudi na sabuni yake. Hizo wiki tulizokwisha kumaliza zikawa bure, tukaanza kuhesabu upya. Mtu aliyeweka ukomo ule aliokoa vidonge 60 kwa mwezi. Sisi tulipoteza karibu nusu mwaka.

Dawa ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na kwa mdogo wangu ilikuwa kubwa zaidi, ni tiba ya mazungumzo na vitendo iliyoanzia London mwaka 1966, pale mwanasaikolojia Victor Meyer alipowakabilisha wagonjwa wa hospitali na kile wanachokiogopa, kisha akawazuia wasifanye ule utaratibu wao wa kujituliza. Kulieleza ni rahisi, kulifanya ni mtihani. Mdogo wangu alipewa noti chakavu ya elfu moja, ile iliyolegea kama kitambaa. Akaambiwa aishike kwa viganja vyote viwili, ajipanguse nayo usoni, aiweke mfukoni, kisha akae. Asioshe. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Dakika kumi za kwanza alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima wa Lushoto mbio. Dakika ya 20 akaniomba nimsaidie kutoka, nikaangalia chini kama nilivyoelekezwa. Ilipofika dakika ya 50 alikuwa anamwuliza yule mwanasaikolojia kama anashabikia Simba au Yanga. Mikono ikiwa haijaoshwa. Sikuwa nimeiona mikono yake imetulia kwenye mapaja kwa miaka mitatu.

Alihitaji vikao 14. Vinane vya mwanzo vilikuwa Dar es Salaam. Basi la alfajiri, watu wawili kwa sababu peke yake asingekubali kushika bomba la basi, gesti usiku mmoja, chakula, kurudi. Ada ya kikao chenyewe ilikuwa ndogo kuliko safari. Kikao cha tisa mpaka cha 14 yule mwanasaikolojia aliamua vifanyike kwa simu, mimi nikiwa nimeishika kamera mbele ya choo chetu cha uani, na matokeo yalikuwa yaleyale. Bima haikuitambua simu. Wala haikuwa imetambua vile vinane vya mwanzo.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima italipia, ndicho kitakachoamua kama sheria hiyo itamfikia mtu kama mdogo wangu au itampita. Wekeni humo tiba hii ya vikao, kwa idadi inayotosha kupona. Vikao viwili vya kumliwaza mtu havitoshi. Itambueni inapofanyika kwa simu. Ondoeni ukomo wa vidonge unaofuata jina la dawa bila kuangalia jina la ugonjwa, na mruhusu mgonjwa aliyetulia achukue dawa za miezi mitatu kwa mara moja, maana kila safari ya dirishani ni siku ya kibarua. Na kwa wale ambao fluoxetine haiwafai, dawa nyingine, clomipramine, imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huuhuu kwa miaka mingi. Nayo ifike mikoani.

Mtaniambia wataalamu hawatoshi. Najua hawatoshi, na sisemi mjenge Mirembe nyingine kila mkoa. Bergen, huko Norway, wameibana tiba hii ikawa ya siku nne mfululizo, kundi dogo la wagonjwa na kila mmoja na mtaalamu wake, na nchi yao imeieneza. Hapa jirani, Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa benchini na kuwasikiliza wenye mfadhaiko, na ule mpango umepimwa kisayansi ukaonekana unafaa. OCD inahitaji mafunzo mazito kuliko hayo, nakubali. Lakini muuguzi wa afya ya akili aliyepikwa vizuri kwa wiki kadhaa, akisimamiwa kwa simu na bingwa aliyeko Dar, anaweza kumsimamia mtu mbele ya noti ya elfu moja. Mmoja kwa kila hospitali ya mkoa ungekuwa mwanzo. Pigeni hesabu ya kumsomesha muuguzi huyo, kisha muiweke kando ya mshahara wa karani mmoja wa ghala kwa miaka 30. Hesabu ya pili nimeshaifanya. Iko ukurasa wa 88.

Kwako Mheshimiwa wa kazi na ajira nina ombi dogo: maofisa kazi wafundishwe kwamba barua inayosema "hamudu kazi" iulizwe swali moja kabla haijapokelewa. Je, huyu alipelekwa kwa daktari?

Msinielewe kwamba mdogo wangu amepona akawa kama malaika. Wasiwasi bado humtembelea, hasa akikosa usingizi, na Ramadhani iliyopita alitawadha mara nne siku ya kwanza. Mara nne. Zamani ilikuwa mara 40. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapokea mabati na misumari. Anahesabu mara moja, anaandika, anafunga kitabu. Siku mbaya anahesabu mara mbili, na tajiri wake, ambaye amemweleza kila kitu, humwambia tu, "Inatosha, bwana." Mama amerudisha kikaango. Shoga yake alikuwa amekiharibu, tukanunua kipya, nacho nimekiandika.

Jumatatu tunakwenda dirishani kuchukua dawa za mwezi. Nitabeba pesa za kununua zile 60 nyingine, kama kawaida. Mkitaka kuliona daftari, liko nyumbani, limebakiwa na kurasa kama 20.

Wenu,
Dada mtu,
Ngamiani, Tanga.